Boriti Iliyopakwa Rangi

Kamba ya usalama ilikuwa juu ya benchi la karakana, ncha yake ingali imefungwa kwenye kipande cha boriti. Dada wa marehemu, karani wa mahakama, alikuwa amefuata vifaa vya mdogo wake. Kwa miezi miwili alijua tu kwamba kijana alianguka kutoka paa la ghala. Kamba hakutajiwa na mtu.

Mdogo wake alitumikia jeshi miaka minane, akarudi na goti bovu na usingizi wa mang'amung'amu, akawa fundi paa. Alilala sakafuni, karibu na mlango. Wiki moja kabla ya kufa, akiwa na miaka thelathini na mitatu, aligawa viatu vyake vya jeshi. Majirani wakajumlisha wenyewe. Lisemwalo lipo, walisema. Mama aliuliza mara moja tu: "Alijitupa?" Dada, aliyezoea kujibu kwa nyaraka, hakuwa na waraka.

"Hii ni yake?" alimuuliza fundi mkuu wa karakana.

"Yake." Fundi mkuu alijifuta mikono iliyokuwa safi. "Nilitaka kuitupa, dada. Mkono ukakataa."

"Kwa hiyo alikuwa amejifunga?"

"Jenerali apande bila kamba?" Ndivyo walivyomwita, ingawa hakuvuka ukoplo. "Alitukagua kila asubuhi kama makuruta. Kuna mmoja alimshusha kwa sababu ya fundo bovu, akamwambia, 'Mkeo mzuri huyo. Ukifa ataolewa mchanga wa kaburi haujakauka.'"

"Sasa alianguka vipi?"

Fundi aligeuza kile kipande. Juu rangi iling'aa. Chini mchwa walikuwa wamekula hadi moyoni.

"Boriti niliikagua mimi. Nikaona rangi, nikasema nzima. Akafunga kamba pale nilipomwonyesha, boriti ikakatika naye. Nimenyamaza kwa sababu… wewe ni mtu wa mahakama."

Dada aliibonyeza mbao. Kidole kikazama.

"Na vile viatu?"

"Vilimbana tangu siku ya kwanza jeshini. Alivilalamikia kuliko vita."

"Neno lake la mwisho?"

"Alitaka misumari mifupi. Alisema hii niliyomletea ni ya kujengea meli."

Dada aliketi juu ya ndoo ya rangi. Aliingojea hasira, maana ilikuwa halali yake, na huenda ingefika kesho. Iliyokuja ni pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani ambaye shingo bado haijaamini.

"Utanishtaki?"

"Utaandika maelezo, utie sahihi. Lakini kwanza twende ukamwambie mama."

"Nianzie wapi?"

"Kwenye misumari."

Mama alimsikiliza fundi hadi mwisho, mchwa na rangi na yote, bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Mifupi kiasi gani?"

Fundi alipima kwa vidole viwili. "Hivi, mama."

Mama aliutazama ule upana mdogo kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Umemwacha mgeni amesimama. Mpe kiti."