Siku Bwana Nshimiyimana Aliposhuka Garini

"Nyakabuye mlimani! Fasi iko! Papa, weka ile kuku chini ya kiti, si juu ya magoti ya Maman!"

Zulaikha, dereva, alikuwa akiita abiria, ameshafunga magunia ya mchele juu ya Haisi yake, pale lami inapoishia, injini ikinguruma, ndipo Bwana Nshimiyimana alipotokea. Huyu ndiye ambaye ofisi ya wilaya ilimpa kazi ya kusimamia barabara na magari ya upande ule. Suruali ina mkunjo, viatu vina ncha. Hakusalimia mtu. Aliweka viganja juu ya pua ya gari, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akaliachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likaendelea kunesanesa kama kitanda cha gesti.

"Amortiseri zimekufa, hazizuii tena mneso," akasema.

"Nilibadilisha juzi juzi, Papa, wakati wa kupanda maharage."

"Basi wewe ndiye unayeziua. Barabara ni nyabagendwa. Inapitika, nimeshawaambia wakubwa Kigali. Dereva anayevunja gari kwenye barabara nzuri ni dereva mbovu. Hili linatoka kwenye laini leo, halibebi tena abiria."

Zulaikha akaweka mkono juu ya mlango wa gari. Haisi ile aliachiwa na baba yake, fundi wa Kamembe, na ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba nzima: mama, wadogo zake, na shangazi mgonjwa. Nje ya laini ingekuwa banda la kuku tu.

"Lakini kwanza nipeleke juu," Nshimiyimana akaendelea, na tayari alikuwa amefungua mlango wa mbele. "Mhandisi wa Kigali anapitia upande wa pili, tunakutana kileleni. Ukishanifikisha, unarudi tupu, unapaki."

Kutoka kiti cha nyuma alicheka Mzee Mulume, aliyezeekea Bukavu kabla ya kurudi huku, na ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Ee! Gari imekufa na bado inabeba bakubwa? Hii ni gari ama ni sanduku la maiti?"

Abiria wakaangua kicheko. Nshimiyimana akafunga mkanda.

Tuseme ukweli kuhusu hiyo nyabagendwa, maana watu wa mlima ule hawana ugonjwa wa kusahau. Baba zao walibeba mawe kichwani kuichonga, wakiambiwa gari litapita na hospitali itakuwa karibu. Gari lilipita: lilibeba mbao na kahawa kwenda chini, likaacha mashimo. Baadaye ikaja mashine ya manjano, wakapiga vigelegele. Kumbe kulikuwa na mkubwa anakuja kufungua bomba la maji. Mashine ikakwangua udongo hadi kwenye bomba, haikuvuka hata kwa urefu wa mkia wa ng'ombe. Mvua moja ikala kila kitu. Tangu hapo kila anayekaa kwenye kile kiti cha ofisi anasema inapitika, na kila spring inayokatika ni kosa la aliyeshika usukani.

Na aliyeshika usukani alikuwa anajua kazi. Zulaikha alikuwa ametoa upepo kidogo kwenye matairi, ili mpira umeze mawe badala ya kuyapiga. Kwa nyuma, baba yake alikuwa ameongeza jani moja la chuma kwenye spring, la kubebea mchele. Zulaikha alipokaribia shimo alikanyaga breki mapema, na kwenye ukingo akaiachia, gurudumu literemke likiwa huru. Ukishika breki ndani ya shimo, pua inalala na chuma kinapiga chuma. Aliingia kwa upande, gurudumu moja moja, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Hata hivyo kila kitu kililia: milango, viti, kuku.

"Unaona?" Nshimiyimana akasema, mkono mmoja ameng'ang'ania dashibodi. "Tunaenda vizuri."

"Tunaenda, Papa," Zulaikha akajibu.

Wakafika kona ya Kabuyenge. Pale mvua ilikuwa imechimba mifereji miwili mirefu, na katikati ukabaki mgongo wa mawe. Zulaikha akasimamisha gari. Mlango wa pembeni ukafunguliwa na watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakivua viatu, wamama wakikaza vitenge. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: kwenye kona ile abiria hushuka na kupanda kwa miguu, ili gari tupu liinuke juu ya spring zake na tumbo lisikwame kwenye mgongo. Nauli wanalipa nzima. Wazee wanashuka, wenye mimba wanashuka. Wamezoea hata wameacha kuona kwamba ni ajabu.

Nshimiyimana hakushuka. Alikuwa anatazama simu yake.

"Shuka, Papa. Tupunguze uzito."

"Mimi? Kwenye tope hili?" Akacheka. "Endesha, dada. Mhandisi anasubiri."

Zulaikha akazima injini.

Maman Emerance, muuza nyanya mwenye mabega kama ya mbeba magunia, alikuwa ameshapiga hatua kadhaa kwenye tope. Akageuka.

"Kuna nini?"

"Papa anasema barabara iko nyabagendwa," Zulaikha akasema kwa sauti. "Anasema hashuki."

Maman Emerance akamtazama yule bwana kupitia dirishani, kuanzia tai hadi ncha ya viatu. Kisha akarudi, akapanda garini na tope lake lote, akakaa.

"Kama barabara iko muzuri, miye natembea juu ya nini? Nililipa. Mukuye, batu, murudi ndani! Leo hakuna mwenye anashuka!"

"Kumbe tunatembeaka bure miaka yote!" Mzee Mulume akadakia, akapanda. Wakapanda wote. Wamama, kuku, mwalimu mmoja aliyekuwa ameshakunja suruali. Gari likazama juu ya spring zake hadi lile jani la chuma la baba likaguna.

"Endesha, shofa!" wakapiga kelele. "Nyabagendwa! Nyabagendwa!"

Zulaikha akawasha, akaweka gia ya kwanza, akasogea polepole sana. Gurudumu la mbele liliingia mferejini, pua ikainama, na chini ya miguu ya Nshimiyimana tumbo likapiga jiwe, ngoo! Chuma kikasaga mwamba. Gari likakataa. Zulaikha akashika breki ya mkono, akamgeukia.

"Nirudie, Papa? Nikirudia, oili inamwagika, gari linaziba njia hapa, na kesho utapita kwa mabawa."

Bwana Nshimiyimana alitazama juu kileleni, ambako jeep nyeupe ilikuwa imeshasimama. Akatazama nyuma: nyuso zote zilikuwa zinamsubiri, hakuna hata moja iliyokasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Akafungua mkanda. Akafungua mlango. Mguu wa kwanza ulizama hadi kwenye kifundo, na ulipotoka, kiatu kilibaki.

Hapo ndipo abiria nao waliposhuka. Hawakumpita. Walimfuata nyuma taratibu, kama msafara wa harusi, na wamama wakampigia vigelegele mlima mzima, huku yeye akipanda na kiatu mkononi. Nyuma yao Haisi tupu iliinuka, ikaweka magurudumu ya upande mmoja juu ya mgongo wa mawe, ikapita ikiwa imelala kidogo, bila kugusa.

Mhandisi Mukamurenzi, mama wa makamo mwenye buti za mpira, alikuwa ameona yote.

"Bwana Nshimiyimana, mbona kwa miguu?"

"Tunapunguza uzito, Mama."

"Uzito? Si uliniambia inapitika?"

Nshimiyimana akatazama kiatu mkononi mwake. Maman Emerance akamsogelea hadi bega likagusana na bega. "Muambie, Papa. Sisi batu badogo, tukisema habasikiaka. Weye sema."

"Haipitiki," akanong'ona.

"Kwa nguvu! Kuko bazee nyuma!"

"Haipitiki!" akapaza sauti, na mlima wote ukalipuka.

Mhandisi hakucheka. Aliuliza nani dereva, na gari lina shida gani. Zulaikha akafuta jasho, akasema mbele ya wote kwamba asubuhi lilitolewa kwenye laini kwa amortiseri zilizouawa na barabara ile ile.

"Linabaki," mhandisi akasema. "Gari lolote la njia hii halitolewi kwa spring wala amortiseri kabla ofisi haijatengeneza hapa. Bwana Nshimiyimana, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Akaanza kuelekea kwenye jeep.

"La," mhandisi akamzuia. "Wewe rudi chini na gari hili. Mimi nafuata nyuma, nione gari linavyoumia."

Magunia yakashushwa, lakini abiria hawakutaka kuikosa safari ile ya kurudi, wakapanda tena wote. Kiti cha mbele Mzee Mulume alikuwa ameshakikalia, amefunga mkanda, anatazama mbali kama waziri. Nshimiyimana akabanwa nyuma kabisa, juu ya ekseli, pale panaporusha watu hadi kichwa kinagonga bati, katikati ya kuku na Maman Emerance. Hakuna aliyemtukana. Walimsogezea nafasi.

Mashine ya manjano haijaja hadi leo, tusidanganyane. Lakini siku ile, walipofika tena Kabuyenge na Zulaikha akasimamisha gari, kabla mtu mwingine hajanyanyuka, mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na wa kwanza kukanyaga tope, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwa ni mtu wa ofisi.