Mayai ya Shangazi

Eustakio wa Nkowe alicheza ngoma na chatu, na chatu wake aliitwa Shangazi. Alimwokota mwaka 1985 alipokuwa akifyeka chini ya mikorosho, chatu akiwa mdogo wa kuzunguka kiganja, akamlea kwenye kasha la mbao jikoni. Mke wake, Dionisia, mhudumu wa zahanati, alimvumilia nyoka huyo kama mtu anavyomvumilia ndugu wa mume aliyekuja kwa wiki moja akakaa.

Julai 1997 kikundi cha wachezaji kutoka Masasi kililala kwao na chatu wao dume, na nyoka wawili hao wakawekwa kasha moja. Oktoba Shangazi alikataa kula, na asubuhi moja mume na mke wakamkuta amejizungusha juu ya mayai kumi na tisa, makubwa kama machungwa, mengi yameshikamana. Hakuna kati yao aliyewahi kuona jambo hilo. Dionisia ndiye aliyegundua kwamba kila asubuhi Shangazi alitoka kuota jua mlangoni, kisha akarudi kuyakumbatia mayai. Alimgusa kwa mgongo wa mkono, kama anavyowagusa watoto wa kliniki. Nyoka alikuwa na joto, pungufu kidogo kuliko la mtu.

Shida ni kwamba Eustakio alikuwa ameahidi kucheza Marambo, upande wa Nachingwea, kwenye sherehe ya wakulima. Dionisia alimwomba asimwondoe Shangazi. Eustakio alijibu kwamba ni siku nne tu, na kwamba watu wa Marambo hawakumwita yeye, walimwita nyoka. Akamtia Shangazi kwenye gunia, akapanda lori la mizigo.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara. Alirudi siku ya tisa.

Alimfungulia Shangazi karibu na kasha. Chatu alizunguka mara moja, akayaonja mayai kwa ulimi, kisha akaenda kujikunja kwenye kona nyingine, mbali nayo. Hakuyakumbatia siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu akala kuku. Eustakio alikaa kwenye kigoda akimtazama mpaka chai yake ikapoa.

Lakini mayai hayakuwa yamekufa. Dionisia alikuwa ameyafukia nusu kwenye unga wa mbao wenye unyevu, ndani ya beseni, akaliweka beseni kwenye kasha lile lile pamoja na kibatari kilichozungushiwa matofali. Kando ya mayai aliweka kipimajoto kibovu cha zahanati, kilichofutika namba za juu. Kipimo hicho kinaanzia nyuzi thelathini na tano, kwa hiyo hakikumwonyesha joto la mayai. Yeye alitaka kitu kimoja tu: zebaki isipande. Ikipanda, mayai yamezidi joto la mama yao.

Eustakio hakutosheka. Alipanda baiskeli kwenda Ruangwa kwa bwana mifugo, Gwakisa, kijana wa Tukuyu. Gwakisa alimweleza wazi kwamba anajua kuku tu, na kwamba kuku huyageuza mayai yake mara kadhaa kwa siku. Eustakio alirudi akayageuza manne yaliyojitenga, kutwa mara tatu, kwa uangalifu mkubwa. Yaliyoshikamana hakuweza. Baada ya wiki mbili yale manne yalikuwa ya kijani na yananuka.

"Shangazi hakuyageuza hata siku moja," Dionisia alisema. "Alikaa nayo tu."

Tangu hapo walikaa nayo tu. Yalipobonyea, Dionisia alinyunyiza maji kwenye unga wa mbao. Yalipoota ukungu, aliufuta kwa pamba. Manne mengine yalisinyaa, wakayatoa. Eustakio, ambaye zamani hakuwa mtu wa kushinda nyumbani, alijifunza kujaza kibatari bila kumwaga mafuta.

Krismasi ilipita. Siku mbili baadaye, mchana, ganda moja lilichanika kama limekatwa kwa wembe, na pua ndogo ikachungulia. Vitoto vilikaa na vichwa nje siku nzima kabla ya kutoka. Vilitoka kumi na moja. Eustakio alinyoosha mkono kwa cha kwanza, taratibu, kama alivyozoea kwa Shangazi. Kikamuuma kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Cha pili nacho kikamuuma. Alicheka kidogo.

"Hawanijui," alisema.

"Wangekujulia wapi, Baba Aurelia?" Dionisia alimuuliza mumewe.

"Mama yao amekaa shingoni kwangu miaka kumi na miwili."

"Hiyo ni ya mama yao. Na yeye alikuuma, umesahau tu. Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga bandeji."

Walisubiri vijivue ngozi ya kwanza, kisha wakavipeleka kwenye matete ya kijito cha njia ya Likunja, ndani ya beseni lililofungwa kwa kanga. Kimoja kimoja viliingia kwenye majani, kila kimoja upande wake. Eustakio alibaki amechuchumaa hata baada ya beseni kuwa tupu. Alisema kwamba yale manane yaliyoharibika hayamuumizi sana. Kinachomsumbua ni zile siku tisa. Alimwambia Shangazi wakati anamtia kwenye gunia kwamba watarudi upesi, kana kwamba nyoka huelewa ahadi.

Dionisia hakumfariji. Alikunja kanga yake, akasema kwamba yeye naye hakuwasha kibatari kwa huruma. Aliwasha kwa hasira, ili mume akirudi aone nani alikuwa sahihi. Huruma ilikuja baadaye, alipokwisha kuzoea kazi.

Eustakio aliangalia alama ndogo za meno mkononi mwake. Kisha akamsaidia mkewe kuinuka, wakarudi kwa miguu, baiskeli katikati yao, kwa sababu njia ilikuwa na matope.