Shamba la Damascène

Nyiramana alikuwa bado kijana alipoachwa mjane. Mume wake, Damascène, alikuwa katekista wa kilima chao kule Masisi, mtu mpole aliyefundisha sala asubuhi na kulima maharagwe mchana. Katika miaka ile ya vita vya Wazungu, Leta, yaani serikali ya kikoloni, ilidai utomvu wa mpira, na wanaume wa Masisi walitelemshwa Walikale, kwenye misitu ya Itebero, kwenda kuutafuta. Aliyechagua nani aende alikuwa kapita, msimamizi wa kazi aliyewekwa na Leta, na kapita wa kilima hicho aliitwa Mbonigaba. Kwa kawaida makatekista waliachwa. Lakini Damascène alikuwa amesema mbele ya watu kwamba si haki kumpiga fimbo mtu mwenye homa, na juma lililofuata jina lake likaitwa la kwanza.

Alirudishwa kwa machela. Kitunga chake hakikujaa mpira, wakampiga kule msituni, na vidonda vikaoza. Alikufa kabla ya Pasaka. Watu walikuwa hawajamaliza kuomboleza Mbonigaba alipochukua shamba lake la bondeni, lile lenye udongo mweusi, akisema ardhi ya marehemu asiye na mtoto wa kiume inarudi kwa chifu. Chifu hakuliona shamba hilo hata siku moja. Ng'ombe wa Mbonigaba ndio walioliona.

Nyiramana akabaki na binti yake mdogo, Généreuse, na kipande cha shamba chenye mawe mlimani. Katekista mwingine hakuletwa, kwa hiyo Jumapili yeye ndiye aliyesimama mbele katika kanisa lao la nyasi. Kila mara alimalizia sala kwa maneno yake mwenyewe: "Bwana, ulete haki yako hapa, juu ya udongo huu tunaoulima. Usituwekee ya mbinguni tu." Baadhi ya wazee waliona maneno hayo ni makali. Hawakumkataza.

Mwaka 1944 watu wa msituni waliasi. Habari zikapanda milima kwamba makapita wanasakwa, na vijana wengi wa Masisi wakajiunga na waasi. Mmoja wao alikuwa Paul, mdogo wake Damascène.

Asubuhi moja Nyiramana alikuwa anachambua maharagwe mlangoni pake. Mbonigaba akatokea anakimbia, bila kofia yake ya ukapita, mguu mmoja unatoka damu.

"Mama, unifiche. Wanakuya na mikuki."

Nyiramana aliweka kando maharagwe. Baadaye alisimulia kwamba hakusikia huruma yoyote. Alisikia uchovu tu, uchovu wa mtu aliyezika na hataki kuzika tena.

"Ingia," alisema. "Kaa chini, usiseme kitu."

Paul na wenzake walifika jasho likiwatiririka. Nyiramana alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Shemeji, iko ndani?" Paul aliuliza.

"Iko ndani."

"Basi toka ku mulango."

"Sitoki."

"Ni yeye alimuua kaka yangu. Bwana yako."

"Najua. Mimi ndiyo nilimuosha, Paul. Hakuna kidonda chake sikijui."

"Sasa unamulindia nini?"

"Simulindi juu ya wema wake. Mukimuua hapa, kesho askari watachoma kilima chote, na shamba litabaki la ng'ombe zake. Hiyo ni haki gani? Mimi nataka aishi, arudishe, aseme mbele ya watu kile alifanya. Muntu alikufa harudishi kitu."

"Na kama akikataa?"

"Nitamuomba tena na tena mpaka achoke. Lakini damu, hapana. Damascène hakutufundisha ile."

Wenzake Paul walitaka kumsukuma waingie. Paul mwenyewe aliwazuia kwa mpini wa mkuki. Alikaa hivyo, akiutazama uso wa shemeji yake, machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akageuka, na wengine wakamfuata wakinung'unika.

Uasi ulipozimwa, askari walipanda kilimani. Sajini aliwakalisha wanaume wote mbele ya kanisa, akamsimamisha Mbonigaba, akamwambia aonyeshe kwa kidole waliomfukuza. Kila mtu alijua kwamba atakayeonyeshwa atafungwa kamba na hataonekana tena. Paul alikuwa ameketi pale pale, kichwa chini. Mbonigaba alipitisha macho kwa mmoja mmoja, akafika kwa Paul, akaendelea.

"Sikuona sura zao," alisema. "Nilikuwa nakimbia."

Sajini alimpiga kwa kitako cha bunduki akamuuliza tena. Jibu likawa lile lile. Siku hiyo Mbonigaba alilazwa kifudifudi akachapwa fimbo mbele ya watu aliokuwa akiwalaza yeye, na ukapita ukamtoka.

Watu wakasema basi, sasa yamekwisha. Nyiramana hakuona hivyo. Mgongo wa Mbonigaba ulipoanza kupona, alikwenda kwake na chungu cha maharagwe yaliyoiva.

"Papa Mbonigaba, mbele ya askari ulifanya vizuri. Nakushukuru. Lakini shamba ni letu bado."

Mbonigaba akasema, "Nililipa na mugongo wangu, Mama."

"Kwa Paul ulilipa. Kwa Damascène bado."

Alikasirika, akamwambia aondoke na maharagwe yake. Nyiramana aliyaacha mlangoni akaenda zake. Mwezi uliofuata akarudi, na mwingine tena, akisema yale yale kwa sauti ile ile ya upole, mpaka mke wa Mbonigaba akawa kila akimwona kwa mbali anaingia ndani kwa aibu.

Katika kiangazi, watu waliona ng'ombe wanapandishwa kutoka lile shamba la bondeni. Jumapili iliyofuata Mbonigaba aliingia kanisani, akasimama karibu na mlango.

"Damascène alisema kweli," alisema, "na mimi nilimutuma msituni juu ya ile kweli. Nilijua watamupiga. Nilitaka apigwe. Kufa sikutaka, lakini alikufa."

Akaketi. Mama mzee Emérence, ambaye mwanawe naye hakurudi kutoka Itebero, alianza kulia. Nyiramana alijaribu kuanzisha sala, akashindwa, na wale walioketi nyuma wakaianzisha badala yake.

Paul alikuwapo. Jioni alimwambia shemeji yake, "Nimesikia. Sikatai. Lakini siwezi kukaa na yeye ku benchi moja." Akaondoka kwenda kulima Itebero, karibu na mahali kaka yake alipopigwa, na huko akaoa. Nyiramana alimwombea na hakumlaumu.

Paul alirudi mwaka 1953 na mke na watoto. Yeye na Mbonigaba, ambaye sasa alikuwa na mvi, walipishana njiani bila kusalimiana. Mwaka huo kapita mpya aliwapiga wanaume kwenye kazi ya barabara na kuwafunga wengine bila kesi. Mbonigaba akasema atakwenda posti ya Masisi, kwenye ofisi ya Leta, kushuhudia aliyoyaona. Watu waliogopa kumsindikiza. Paul akachukua fimbo yake ya kutembelea.

Nyiramana aliwafungia viazi vitamu vya kuchoma katika mafungu mawili, maana aliwajua. Waliondoka alfajiri, Paul mbele, Mbonigaba nyuma, na njia nzima hawakuzungumza. Mbele ya mkubwa wa Leta kila mmoja alisema alichokiona, na maneno yao yakaafikiana. Wale waliofungwa wakafunguliwa.

Kapita hakuadhibiwa. Alihamishiwa kilima kingine tu. Wengi walifurahi kuondokewa naye, na kanisani kukawa na nyimbo na vigelegele. Nyiramana alingoja vipungue.

"Kule nako kunaishi watu," alisema. "Nani ataenda kuwaambia wasikubali kuonewa, kwamba hawako peke yao, na kwamba tutakuja kusema pamoja nao?"

Paul akainuka. Kisha Mbonigaba naye akainuka polepole, akishika nguzo, na Paul akasogea kidogo ili apate nafasi ya kupita.