Dirisha Nyuma ya Bawa

Ndege hana kosa. Nasema mapema kwa sababu mke wangu, hasira zikimpanda, humlaumu hata yeye.

Mimi riziki yangu ni picha za pasipoti. Kaa wima, usicheke, haya, asante, mwingine. Ukishinda mchana kutwa na watu waliokukodolea macho, lazima utafute kitu kinachoruka. Mimi nilimpata kipanga. Alikuwa amejenga kiota juu ya kibanda cha geti la reli, kile kirefu cha kupanda kwa ngazi, ambamo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hukaa na kushusha kizuizi treni inapokaribia. Shemeji si mtu wa maneno. Tunamwita Bubu, naye hucheka tu.

Kipanga ukimsogelea anahama. Kwa hiyo nilipanda juu ya paa la ghala, mbali huko, na lenzi yangu ndefu. Haikufika. Sasa kuna kidude kinaitwa konveta, kifupi, kina vioo ndani. Unakipachika kati ya kamera na lenzi, kinavuta mbali zaidi. Wenye akili zao hupachika kimoja. Mimi nilipachika viwili, kimoja mgongoni mwa kingine, na pete katikati maana vyenyewe vilikataa kushikana. Ndege akaja karibu, ndiyo, lakini mwanga ukapungua na kamera ikawa kipofu, haiwezi tena kulenga yenyewe. Ikabidi nilenge kwa mkono kwenye fremu ya dirisha la kibanda, kwa sababu kipanga hupita hapo kila anapotoka, kisha nisubiri. Tena iwe asubuhi. Jua likishapanda, joto linatoka kwenye mabati na picha inacheza kama umepiga kupitia mvuke wa sufuria. Na uwe umelala vizuri, kwa sababu mkono ukitetemeka kidogo tu, umekwisha.

Hapo kwenye kulala ndipo nilipoharibu.

Baba mkwe alikuwa amevunjika nyonga. Ni mzito, na ni mwanamume, hivyo kumgeuza usiku asipate vidonda ilikuwa kazi yetu sisi wawili, mimi na Bubu, kwa zamu. Jioni moja ya zamu yangu mvua ilinyesha ikaosha vumbi lote. Nikajua kesho hewa itakuwa safi. Nikampigia Bubu.

"Shem, nina homa. Mwili wote unauma."

"Pole sana. Lala, nitakaa na baba."

"Lakini jana ulikesha wewe, na kesho una kazi alfajiri."

"Pumzika, shem. Ugua pole."

Yaani nilimkumbusha mwenyewe, ili nionekane mtu mwema! Mnafiki mkubwa mimi. Na yule mzee, kitandani pale, akaomba simu ili naye anipe pole. Nikaipokea pole yake.

Asubuhi kipanga alitoka, mabawa wazi, kila unyoya unahesabika. Nilipiga picha, kisha nikapiga kelele peke yangu juu ya paa kama kichaa.

Siku ya kuichapa kwa ajili ya maonyesho ya mashindano ya picha, mchapaji aliikuza ikawa kubwa kama mlango. Akainama. "Na huyu je?"

Nyuma ya bawa, kwenye dirisha lililo wazi, mtu amelaza kichwa juu ya meza, kofia bado kichwani, mdomo wazi. Mimi nililenga dirisha, basi dirisha ndilo lililotoka safi kuliko hata ndege. Siku zote hizo nilikuwa nimetazama jicho la kipanga tu. Sisi wapiga picha za ndege tuna ugonjwa huo, jicho likiwa safi tunajiona tumemaliza.

"Nikate hapa?" Akaweka rula. Ilikuwa inapita kwenye ncha ya bawa, kumtoa mtu ni kulikata bawa.

Nilimjua aliyelala, na nilijua kwa nini amelala.

"Acha," nikasema. "Watu watatazama ndege."

Na kweli walitazama ndege. Nikapewa nafasi ya kwanza. Lakini bosi wa reli hakuja kutazama ndege. Alikuja kwa sababu aliambiwa geti lake limo kwenye picha. Chini ya picha nilikuwa nimeandika tarehe kwa mkono wangu. Bosi aliisoma. Mke wangu aliisoma pia, akaikumbuka homa yangu, akanitazama, akatoka nje. Ningeshukuru angenitukana.

Bubu alifukuzwa kazi. Nilikwenda kwa bosi, nikamwambia mtu huyu alikesha badala yangu, mimi nilidanganya naumwa.

"Treni haiulizi mtu kalala kwa nini," akasema.

Nilitamani kumzaba kibao, lakini alisema kweli. Nikamwendea Bubu, nikamuuliza mbona hakujitetea. "Ningesema nini, shem? Nililala." Basi, hilo tu.

Jana mzee aliniita. Ya kazi alikuwa hajaambiwa. "Nasikia mkwe wangu amekuwa maarufu. Hebu niione hiyo picha."

Nilimtazama Bubu, aliyekuwa anakamua kitambaa kwenye beseni. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nikampa mzee nakala ndogo. Akavaa miwani, akaisogeza karibu na pua.

"Ndege huyu hapa, baba," nikasema, naonyesha.

Kidole chake kikalipita bawa, kikasimama dirishani.

"Huyu mwanangu. Maskini, hata kofia hajavua." "Nani kamchosha mtoto wangu hivi?"

"Kazi tu, baba," Bubu akadakia. Bado ananifichia!

"Si kazi, baba," nikasema. "Ni mimi."

Mzee aliiweka picha kifuani. Akapapasa ukingo wa kitanda, akamwambia Bubu, "Njoo ulale hapa kidogo, mwanangu." Bubu akasogea, akakaa. Ndipo mzee akanigeukia, bila hasira yoyote.

"Na wewe, mkwe wangu, ile homa yako ilipona?"

Nikaliokota beseni, nikaenda kubadilisha maji.