Aliyeitikia Kutoka Nyumbani

Mchora ramani za majengo alikuwa na kompyuta moja tu aliyoiamini, nayo ilikaa nyumbani, nzito kama kabati la vyombo. Alipoitwa mji mwingine kumwonyesha mwenye kiwanda cha magodoro mchoro wa ofisi zake mpya, hakufikiria hata kidogo kuibeba. Alimwita fundi.

Fundi alipiga magoti mbele ya ruta ya intaneti iliyokuwa ikikonyeza taa zake juu ya meza ya sebuleni.

"Usihangaike, kaka. Hiki kidude ni bawabu wako. Mtu wa nje akija kugonga, kinamfukuza. Sasa nimekiambia: akija mtu anayeujua mlango huu, mpeleke moja kwa moja kwa kompyuta nambari kumi na mbili. Hiyo ndiyo yako. Ukiwa huko utafungua laptopu yako na kuona kioo cha nyumbani kama umekaa hapa hapa."

"Na nywila?"

"Karibu."

"Asante, lakini nywila ni ipi?"

"Ndiyo hiyo. Karibu. Nawawekea wateja wangu wote, wasije wakasahau."

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kukaa nao tangu goti lianze kumsumbua, alisikiliza yote akiwa ameegemea mlango wa jikoni.

"Na huyu bawabu," akauliza, "hulala saa ngapi?"

"Halali, mama. Yuko macho usiku na mchana."

"Maskini," akasema mama mkwe, na mchora ramani hakulitia neno hilo maanani.

Siku ya mkutano alikaa kwenye ukumbi wa kiwanda, mbele ya meza ndefu iliyonuka sponji mpya. Upande wa pili alikaa mwenye kiwanda, na kando yake dada yake; walimiliki kiwanda kwa pamoja, wala hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Projekta ilikwisha kuelekezwa ukutani. Mchora ramani akaandika *karibu*, akabonyeza, na maporomoko ya maji ambayo fundi alimwekea kama pambo yakatokea ukutani, makubwa kama mlango wa gari moshi.

"Hapa ni nyumbani kwangu," akasema kwa majivuno.

Lakini folda yake ya kazi haikuwepo. Akatafuta juu, akatafuta chini. Kisha, bila yeye kugusa kitu, ukafunguka mchezo wa karata, na kishale kikaanza kutembea chenyewe, polepole, kama mzee anayetafuta miwani.

"Huo ndio mchoro?" akauliza mwenye kiwanda.

"Hapana, mzee. Hiyo... ngoja kidogo."

Kishale kilichukua mbili ya pau, kikafikiri, kikairudisha. Bibi wa kopa alikuwa wazi kabisa, na mfalme wa shupaza alikuwa akimngoja. Kishale hakikumwona. Mchora ramani alijizuia, akajizuia tena, kisha mkono ukamshinda. Akamweka bibi juu ya mfalme.

Kishale kikasimama kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Mchora ramani akafungua ukurasa mtupu, akaandika kwa herufi kubwa: NANI YUPO HAPO?

Jibu lilikuja herufi moja moja, na ukumbi mzima ulilisoma likizaliwa: *mimi. mwenye nyumba.*

"Kumbe nyumba si yako?" akasema mwenye kiwanda.

"Mkeo anajua?" akauliza dada yake, akisogeza kiti.

Mchora ramani akawahesabu watu wake. Mkewe alikuwa kazini hospitalini, watoto shuleni. Akapiga simu nyumbani, na kwa haraka akagusa kitufe cha spika, kila mtu akasikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona sauti kama ya mtu aliyetumbukia kisimani?"

"Mama, nani amekaa kwenye kompyuta yangu?"

"Hakuna mtu. Nimesimama mbele yake sasa hivi. Niliizima jana, nikaifunika shuka isipigwe vumbi."

Ukutani, kompyuta iliyozimwa na kufunikwa shuka ilifunua saba ya uru.

Dada mtu ndiye aliyepata akili. "Ipigishe kelele," akanong'ona. Mchora ramani akatafuta wimbo wowote ndani ya mashine ile, akaupata, akapandisha sauti hadi mwisho.

"He!" mama mkwe akasema simuni. "Refa naye leo kaamka na ngoma! Ukuta wote unatetemeka."

Refa alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwamuzi mstaafu wa kandanda.

"Mama," mchora ramani akasema taratibu, kwa sababu mama mkwe hakaripiwi, "Refa anatumia intaneti yetu?"

"Mtu akiomba maji utamnyima? Aliomba nywila, nikampa. Na kompyuta kanunua kwa fundi wenu huyo huyo."

"Na ruta, mama, uliigusa?"

"Nilimpumzisha yule bawabu. Nilimzima jana jioni, nikamwamsha leo asubuhi. Mbona kaamka na nguvu!"

Hapo fumbo likafumbuka. Bawabu hajui sura, anajua nambari, na alipoamka akaanza kuzigawa upya. Refa aliwahi, kompyuta ya nyumbani ilikuwa usingizini, kumi na mbili ikaenda ng'ambo ya ukuta. Na nywila ikawa karibu kote kote, na maporomoko ya fundi yale yale.

"Mama, nakuomba nenda kwa Refa na simu. Mwambie azime."

Wakasikia kandambili, mlango, hodi, kisha sauti nene: "Sizimi! Tangu nistaafu nacheza mchezo huu sijashinda hata mara moja, na leo nakaribia. Na wewe uliyegusa karata yangu, umenawa!" Filimbi ikalia, kali, mpaka walinzi wa kiwanda wakachungulia dirishani.

"Mwache amalize," akasema mwenye kiwanda, ambaye sasa alikuwa amesimama karibu na ukuta. "Refa! Sikiliza. Toa ile tisa nyekundu, chini yake kuna kitu."

"Usimsikilize!" akadakia dada yake. "Anza na ghulamu!"

Refa aliwatuliza wote kwa filimbi, akacheza apendavyo, akakosea, akarudi, na hatimaye karata zikaanza kurukaruka ukutani kama bisi kwenye sufuria. Ukumbi ulipiga makofi. Simuni Refa alikuwa anavuta kamasi, na mama mkwe akimwambia, "Jikaze, mwanamume mzima."

Baada ya hapo Refa akazima bila kubembelezwa. Mama mkwe akarudi nyumbani, akaifunua kompyuta na kuiwasha, akaizima ruta na kuiwasha tena, na safari hii mchoro ukatokea ukutani, safi, ghorofa juu ya ghorofa.

"Mlango utazame barabara," akasema mwenye kiwanda.

"Utazame bustani," akasema dada yake.

Wakabishana mpaka mishipa ikawatoka. Mwisho mwenye kiwanda akageukia simu. "Mama, mwite yule mwamuzi."

Refa aliletwa mbele ya kompyuta. Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili, akautazama mchoro kwa muda, akapuliza filimbi. "Bustani. Na asiyekubali atoke nje."

Mwenye kiwanda akavuta kiti, akaketi. Dada yake alisema hajawahi kuona haki ikitendeka ndani ya jengo lile kabla ya siku hiyo.

Mchora ramani ilimbidi ahamishe mlango, ngazi na vyoo, papo hapo, kutoka mbali. Mama mkwe alivuta kiti mbele ya kioo cha nyumbani, akakitazama kishale kikitembea peke yake, simu sikioni, akimhabarisha kila hatua.

"Sasa umechora mstari, baba."

"Naam, mama."

"Sasa umeufuta. Kwa nini umeufuta? Ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa unapita katikati ya choo, mama."

"Aa. Basi futa."