Mama Jirani

Msusi alikuwa na lafudhi mbili, kama mtu mwenye jozi mbili za viatu. Ya kwanza alizaliwa nayo, ng'ambo ya mpaka, ambako watu huvuta maneno na hawajali sana kama ulimi umegonga l au r. Ya pili aliipata ujanani, alipokuja nchi hii kujifunza ususi kabla ya kurudi kwao kuolewa. Mume wake alipofariki, na shemeji zake wakaanza kuulizana nyumba ni ya nani, alifunga mizigo, akawashika watoto mkono, akavuka tena. Lafudhi ya pili aliikuta palepale alipoiacha.

Kazi ilipatikana haraka. Mwenye saluni, ambaye wote walimwita Madamu, alimtazama vidole akisuka mistari michache tu, akampa kiti cha karibu na dirisha. Hakumuuliza ametoka wapi, naye hakusema.

Watoto ndio hawakuwa na lafudhi ya akiba. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyeitwa Bibi tangu ananyonya kwa sababu alirithi jina la bibi yake. Jina lilimkaa. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu kwanza, akampima, ndipo akamjibu. Mdogo wake, Kibonge, alikuwa na miaka minane, na yeye alijibu hata kabla ya kuulizwa.

Wiki ya kwanza shuleni Kibonge alinyoosha mkono. "Mwarimu, naomba karamu."

Alitaka kalamu. Mwalimu aliweka chaki chini. "Karamu? Ya harusi au ya ubatizo?"

Darasa liliangua kicheko mpaka madawati yakagongana. Tangu hapo jina lake likawa Karamu. Wakati wa mapumziko walimfuata kumuuliza chakula kitaiva saa ngapi, na wao wamealikwa au la. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye alianza kusema anaumwa tumbo kila asubuhi. Bibi hakuumwa tumbo. Aliacha tu kunyoosha mkono darasani, akawa anasikiliza watu wanavyoongea, midomo yake ikichezacheza bila sauti.

Msusi aliamua kuwatia ulimi mpya. Jioni aliwaketisha kitandani, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sema kalamu."

"Karamu."

"Ulimi juu, nyuma ya meno. La. La."

"La," alisema Kibonge, vizuri kabisa.

"Ehee! Sasa kalamu."

"Karamu."

Bibi alicheka, Kibonge naye akacheka mpaka akalala chali. Mama yao hakucheka. Alimgonga Kibonge mdomoni kwa kitana, si kwa nguvu, lakini kwa nguvu ya kutosha kukata kicheko. "Mnadhani huu ni mchezo? Hapa ukifungua mdomo tu, watu wameshajua pa kukuweka."

Aliwakataza pia kufika saluni. Pale ni kazini, alisema. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Siku moja mteja aliyeibiwa shuka kwenye kamba alikuja akasema, "Nani mwingine, kama si hawa waliovuka? Kabla hawajaja tulikuwa tunaanika mpaka mazulia!" Saluni nzima ilicheka. Msusi naye akacheka, sauti yake ikazidi za wengine kidogo. Usiku ule alijiambia kwamba maneno hayavunji mfupa, na kwamba mwenye shida hachagui.

Basi siku moja shule ilikosa maji, wanafunzi wakaruhusiwa mapema. Msusi alikuwa ameinamia kichwa cha mke wa daktari, yule yule aliyeibiwa shuka, mteja mkubwa wa pale, mwanamke mcheshi asiyependa kunyamaza hata akiwa na povu masikioni. Mlango ukasukumwa. Kibonge akaingia mbio, matope yamemtapakaa shati zima, mdomo wa chini umepasuka. Bibi alikuwa nyuma yake, amebeba mifuko miwili.

"Mama! Wamenirushia matope! Wamesema nirudi kwetu nikare huko na wenzangu!"

Alisema "nikare", akimaanisha "nikale", tena akalivuta neno kama wanavyovuta kwao. Mke wa daktari aligeuza shingo.

"Hee! Msikieni! Hawa nao ni wa nani?"

Neno "mama" lilikuwa halijamfunga mtu. Mtoto humwita mwanamke yeyote mama, hata muuza mkaa. Madamu aliinua macho kutoka kwenye kucha alizokuwa akipaka rangi. Msusi aliona matope, aliona damu, aliona watu wote wakimsubiri yeye.

"Wa jirani," alisema. "Mama yao huniachia ufunguo."

Ile r ilitoka safi, haina doa.

Kibonge alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Bibi alimshika bega. Alimtazama mama yake, akampima kama alivyowapima watu wengine, kisha akasema, kwa lafudhi ambayo hakuna aliyejua kuwa ameshaipata, "Tunaomba huo ufunguo, mama jirani. Mama akirudi tutamwambia umetusaidia."

Msusi alitoa ufunguo mfukoni mwa aproni. Vidole vya binti yake vilikuwa baridi. Mlango ulifungwa polepole, kwa adabu, kama mgeni anavyoufunga.

"Huyo msichana angalau ana malezi," alisema mke wa daktari, akarudisha kichwa mahali pake.

Msusi alimaliza kile kichwa. Mstari wa katikati ulipinda, akaufumua, akausuka upya, ukapinda tena. Alipoulizwa ana nini, alisema ni macho.

Nyumbani alikuta Kibonge ameoshwa, shati limeanikwa, mdomo umepakwa mafuta. Bibi alikuwa akipakua chakula. Alikuwa ameweka sahani tatu, na kubwa ilikuwa ya mama yake, kama siku zote. Msusi aliomba sana moyoni mtoto huyo apige kelele, avunje hata kikombe.

"Mama," alisema Kibonge, "sisi ni watoto wako?"

"Wangu, baba. Wangu wa kuzaa."

"Na kure saluni?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Kule ni jirani. Ndiyo sheria ya kule. Kula, chakula kinapoa."

Kibonge aliipokea sheria hiyo kama alivyopokea ya kunawa mikono. Hakukasirika. Kesho yake, akipita na wenzake mbele ya saluni, alimpungia mama yake mkono dirishani, akaita kwa nguvu, "Shikamoo, mama jilani!" Akakonyeza jicho kwa siri, akijivuna kwamba ameukumbuka mpango. Msusi aliitikia "Marahaba", akaingia nyuma kwenye ndoo za taulo, akakaa huko hadi Madamu alipomwita mara ya pili.

Alitaka kuomba msamaha. Kila jioni alipanga maneno, na kila jioni yalionekana madogo. Angesema nini? Kwamba aliogopa? Hata wao waliogopa, na hawakumkana mtu.

Siku chache baadaye simu ya saluni iliita. Ilikuwa shule. Mwalimu mkuu alisema mwanafunzi wa kike amempiga kofi mvulana aliyemfungia mdogo wake chooni, na kwamba wametafuta mzazi wake bila mafanikio. "Anasema hana mama hapa. Anasema anakaa na jirani, msusi wa hapo. Ndiye wewe?"

Msusi alisema anakuja. Alitoka na aproni yake, kitana kikiwa bado kimechomekwa nywelani.

Ofisini kulikuwa na meza, benchi na kabati lisilofungika. Bibi alisimama akitazama sakafu, Kibonge amemshikilia sketi. Kwenye benchi alikuwa ameketi mvulana mwenye shavu jekundu, na kando yake mke wa daktari. Mvulana alikuwa wake.

"Afadhali umekuja, shoga," alisema mke wa daktari. "Wewe waeleze hawa. Mimi sina neno na mtu, lakini mtoto asiye na mwenyewe ndivyo anavyokuwa."

Mwalimu mkuu alichukua peni. "Kwa hiyo wewe ni jirani wa watoto hawa?"

Bibi hakuinua macho. Alikuwa ameshajua jibu, na hilo ndilo lililomvunja mama yake. Mtoto alikuwa amesimama pale akisubiri kukanwa mara ya pili, naye alikuwa tayari kuvumilia.

"Si jilani," alisema msusi. Maneno yalitoka yakiwa yamevutwa, mazito, kama alivyoongea na marehemu mume wake jikoni kwao. "Mimi ndiye mama yao. Nimewazaa mimi, wote wawili. Siku ire pare saluni nilidanganya. Kama kuna mtu wa kuadhibiwa kwa uongo, ni mimi. Na kofi sirisifu, rakini huyu mtoto wako amemfungia mwanangu chooni, mama, na hiro nalo tulizungumze."

Mke wa daktari alimtazama kana kwamba mtu amebadilishwa mbele ya macho yake. "Kumbe," alisema. Kisha, taratibu zaidi, "Kumbe siku zote hizo." Uso ulimwiva. Labda alikumbuka shuka, mazulia na mengineyo. Hakuomba radhi, ila alipotoka alimfinya mwanawe sikio hadi getini.

Kichwa chake kilihamia saluni ya barabara ya pili, na vichwa vingine kadhaa vikakifuata. Madamu aliposimuliwa alisema alikuwa anajua tangu mwanzo: msusi alipounguzwa na pasi ya nywele, alimwita mama yake kwa lafudhi ya kwao. "Niliajiri mikono yako," alisema. Kisha akaongeza, bila ukali, "Lakini watoto wako, dada! Wale nao ungewakanaje?" Hakuurudia tena mjadala huo.

Kibonge alisamehe kabla hajaombwa. Darasani bado ni Karamu, ingawa siku hizi wapo wanaolitamka kwa mapenzi. Bibi ndiye aliyebaki na adabu. Anaitika haraka, anafua, anasoma, na hata nyumbani anaongea ile lafudhi ya hapa, safi, kama anaongea na mteja.

Jumapili moja msusi alimkalisha katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka. Alisuka mistari kadhaa.

"Mwanangu, nirikukosea," alisema hatimaye. "Nirikukana mbere ya watu. Nisamehe."

Mabega ya Bibi yalikakamaa. Akachezea kitana mapajani.

"Nimesikia, mama," alisema, kisha akainamisha kichwa mbele ili mama yake afikie nywele za kisogoni.