Vigae vya Bi Barka

Razan alilivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda cha mama yake, nalo likalia kama limejaa mifupa. Alipolifunua alikuta vigae: vikombe vya kahawa visivyo na masikio, sahani za maua zilizopasuka, shingo ya mrashi wa kunyunyizia marashi.

"Mama, takataka gani hizi? Watu wa hitima wameshafika. Nizitupe?"

"Thubutu!"

Razan alishtuka. Hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mama yake. Mji mzima wa Amu ulimjua Bi Barka kwa mikono isiyoshika. "Kimeniponyoka" ndilo lililokuwa neno lake, na watu walipomwalika walimwandalia sahani ya plastiki, wakacheka, naye akacheka nao.

Sasa alikuwa edani; kaburi la mumewe, Idarus, lilikuwa bado bichi. Nje ya pazia, shemeji yake, Bwana Kamaludin, aliwasimulia wanaume sifa za marehemu.

"Ndugu yangu alikuwa mpole, wallahi. Mke avunja chombo kila uchao, na asimwinulie sauti!"

Kicheko cha adabu kikapita ukumbini.

Tangu alipokuwa bibi arusi, Bi Barka alikuwa akiviokota vigae hivyo kila baada ya ghadhabu za Idarus. Usiku ukishapita, mumewe aliamka na uso mkunjufu akiuliza, "Umevunja nini tena?" Naye alihitaji kitu cha kushika mkononi, ajue kwamba hajarukwa na akili.

Aliliinua sanduku, akalimwaga lote sakafuni. Kicheko kikakatika.

"Shemeji, kuna nini huko?"

"Upole wa ndugu yako!" Sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Hakuna hata kimoja kilichoniponyoka. Alivirusha yeye. Vingine ukutani, vingine kwangu."

Bwana Kamaludin akasema kwa sauti ya chini, "Barka, muogope Mungu. Mwache maiti apumzike."

"Na apumzike. Mimi bado."

Viatu vilisikika vikivaliwa mlangoni, jozi baada ya jozi.

Razan alikuwa amechutama katikati ya vigae. "Baba hakuwa..." alianza, asimalize. Akaokota kipande cha bakuli la samawati. "Na hiki?"

Bi Barka alikitazama, kisha akamtazama binti yake. Hasira haikuwa imepoa. Ilikuwa imegeuka upande tu.

"Hicho kilipovunjika ulikuwepo," alisema. "Ulikuwa umesimama mlangoni, ukitazama."

Razan hakukiweka chini.